Tupeane uzoefu: nani amewahi kupinga bili ya reti za ploti Nairobi, na pesa ya ziada ilirudi?

Mkazi_Donholm (mwenye uzi)

Jameni bili zimetoka na kwa grupu ya mtaa wetu ni vilio tu, kila mtu anaposti skrinshoti yake. Kuna majirani wawili ploti zao zimepakana ukuta kwa ukuta, ukubwa sawa, wote wanaishi tu hapo na familia hakuna duka hakuna nini, na mmoja analipa karibu mara mbili ya mwenzake. Sasa badala ya kulia huko nikaona tuulizane huku, nani ameshaenda kupinga thamani ya ploti yake, alisikizwa ama alizungushwa, na kama alikuwa ameshalipa ya ziada, ilirudi? Tafadhali lete yako mwenyewe, si ile ya "kuna msee wa binamu yangu".

Kwa wale hawafuatilii hizi mambo, iko hivi. Reti ni kodi ya ardhi unayolipa kaunti kila mwaka. Kwa miaka mingi reti za Nairobi zilikuwa asilimia 34 ya thamani ya mwaka wa 1980, ndiyo unapata ploti ya maana Kilimani kwa karatasi inathaminiwa bei ya pikipiki. Siku hizi ni asilimia 0.115 lakini ya thamani ya 2019. Kwa hivyo ukiona mtu anafurahi ati asilimia imeshuka mwambie aangalie upande ule mwingine wa hesabu. Na hiyo thamani ni ya ardhi tupu, nyumba yako haimo. Reti ni za Januari mosi, una hadi 31 Machi, ukipitisha hapo penalti ni asilimia 3 kwa mwezi, ndiyo maana watu wengi wanalipa kwanza halafu ndio wanaanza kuuliza.

Haya karibuni.

Mama_Kahawa_West

Yangu ilikuwa ya nukta. Ploti ni futi 50 kwa 100, kwa taito imeandikwa hekta 0.0465. Bili ikaja 59,800. Nikafikiri ni malimbikizo, kumbe ni ya mwaka mmoja tu! Nikaitisha ile statimenti ndefu inaonyesha ukubwa na thamani, nikakuta 0.465. Sifuri moja imetoroka na mimi nimekuwa mwenye eka nzima na zaidi, ati thamani milioni 52. Nilimuuliza baba watoto kama kuna shamba alininunulia akasahau kuniambia.

Sasa vile nilifanya. Nilibeba kopi ya taito, kopi ya ramani ya survei, kitambulisho, hiyo bili, na barua. Kwa barua sikuandika maisha ni magumu, niliandika tu ukubwa ulio kwa taito ni huu, ulio kwenu ni huu, naomba urekebishwe na thamani ihesabiwe upya. Basi. Na nilikataa kutoka hapo kabla kopi yangu ipigwe muhuri wa kupokewa na tarehe. Wengine kwa foleni walikuwa wananiona msumbufu lakini hiyo karatasi ndiyo ilinisaidia baadaye, maana aliyekuwa na faili alihamishwa dawati na wa pili hakuwa anajua chochote, ningekuwa naanza upya.

Ilirekebishwa ikawa milioni 5.2, bili 5,980. Na pesa nilikuwa nimeshalipa yote juu ya kuogopa penalti. Kuhusu rifandi nisiwadanganye, sikupewa hata bobu mkononi. Ile ya ziada iliwekwa kwa akaunti ya ploti kama salio la mbele, kila mwaka inakatwa kutoka hapo. Ukifanya hesabu nimelipa miaka tisa kama hawatabadilisha kiwango, na hiyo "kama" mnaijua.

Mkazi_Donholm

Mama hiyo ya muhuri nimeiandika. Na kama ungetaka keshi?

Mama_Kahawa_West

Niliambiwa naweza kuandika barua nyingine ya kuomba, nikaangalia umri wangu nikaangalia hiyo barua nikasema wacha ikae huko.

Fundi_wa_Namba

Hapo kwa Mama kuna somo la hesabu ambalo watu huruka. Kwa 0.115%, ili bili yako ishuke elfu moja tu kwa mwaka, thamani inafaa ishushwe karibu shilingi 870,000. Kwa hivyo kama unaenda kubishana ati ploti yangu ni milioni 8 si milioni 8.5, unapigania mia tano na kitu, hiyo ni nauli na chapati. Mimi ningesema angalia kwanza kitu ambacho ni kosa kwa karatasi: ukubwa, matumizi (imeandikwa ya biashara na wewe unaishi tu), namba ya LR (ile ya kutambulisha ploti), na kama kuna kipande ulishauza ama ulishagawanya na bado kinahesabiwa kwako. Hizo zinashinda kwa karatasi bila kelele. Bei ya soko ni vita vingine, hivyo vinataka valua, mtaalamu wa kuthamini ardhi.

Mjomba_SouthB

Na mimi ndiye nilienda hiyo vita ya valua 😂

Ploti yangu nyaya kubwa za stima zinapita juu, kuna upana mzima ambao siruhusiwi kujenga hata choo. Lakini kwa roli (ile orodha ya kaunti ya thamani za ploti) ilithaminiwa sawa na za wenzangu ambao wanaweza kujenga hadi ukutani. Nikasema hapana. Nikatafuta valua aliyesajiliwa (uliza namba yake ya usajili kabla hujatoa hata shilingi, kuna watu wanajiita mavalua na kazi yao ni kuuza ploti), akapima sehemu iliyoliwa na nyaya, akatafuta mauzo ya ploti zingine za karibu zenye nyaya kama yangu, akaandika ripoti.

Siku ya kusikizwa ndio niliona mambo. Watu walikuwa wameingia na picha za nyumba. Mama mmoja mbele yangu alieleza vizuri kabisa vile paa linavuja na ukuta umepasuka, ameprinti picha za rangi amezipanga kwa folda, na mwenyekiti wa kikao akamwachilia amalize halafu akamwambia kwa heshima, mama, hapa tunazungumza juu ya udongo tu, hata nyumba ikibomoka leo thamani hii haishuki. Uso wake mpaka leo nauona, folda yote bure, na hakuna mtu alikuwa amemwambia mapema. Sasa mkiskia mtu wa mtaa wenu anapiga picha dari lake kwa sababu ya reti, mwambieni.

Yangu ilishushwa, si vile nilitaka. Kutoka milioni 24 hadi 18. Kwa pesa ni 27,600 kuwa 20,700, yaani naokoa 6,900 kwa mwaka. Valua alinitoza ya kutosha, nitaanza kuona faida baada ya miaka kadhaa. Lakini ukitaka kuuza hiyo ploti ile ripoti inakusaidia pia kwa mnunuzi, ingawa kwa upande usiofaa lol.

Wendani_Boy

Mimi niko Kahawa Wendani, bili yangu ni kubwa pia, nianzie wapi City Hall?

Mama_Kahawa_West

Kijana Wendani ni Kiambu. Sisi wa West ndio Nairobi. Peleka kilio chako kwa gavana wako 😄

Wendani_Boy

Kumbe. Asante mama.

Syokimau_Nyumbani

Na sisi wa Syokimau ni Machakos, najua kuna mtu alikuwa anataka kuuliza. Wa Rongai ni Kajiado. Nairobi ya matatu na Nairobi ya reti hazilingani.

Kijana_Ardhi

Mbona nyinyi mnasumbuka, mimi nalipa yangu kwa Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa serikali kuu, ni pesa kidogo na hakuna mtu amewahi kunisumbua

Fundi_wa_Namba

Bosi hiyo ni renti ya ardhi, inaenda serikali kuu kwa sababu ploti yako ni ya lisi, yaani serikali imekukodishia kwa miaka fulani. Reti ni za kaunti. Ni vitu viwili. Kama hujawahi kulipa reti kabisa hakuna mtu amekusumbua kwa sababu bado hujajaribu kuuza. Siku utahitaji cheti cha kutokuwa na deni la reti ndio kompyuta itakuonyesha kila kitu tangu ununue, na penalti zake.

Kijana_Ardhi

😳

Shemeji_wa_Ughaibuni

Mniruhusu nilete ya mbali kidogo kwa sababu inaonyesha tofauti. Dada yangu na mumewe walinunua nyumba Leeds, huko Uingereza wanaita council tax. Nyumba zinawekwa kwa madaraja A hadi H, na mnacheka 1980 yetu, huko England bado wanatumia thamani ya Aprili 1991! Kodi yenyewe ilianza 1993. Na huko wanathamini nyumba, si ardhi tupu kama sisi.

Sasa shem akagundua nyumba iliyoshikana na yao, ramani moja, mjenzi mmoja, iko daraja C na yao ni D. Hiyo unaona bure kwa mtandao, madaraja ya majirani wote yako wazi. Hakurukia. Alikagua barabara nzima kwanza, halafu akakadiria bei yao ya 1991 kutoka kwa bei ya mauzo, ndio akaandikia VOA, ofisi ya serikali inayopanga hayo madaraja. Kwa nini aangalie hivyo? Kwa sababu huko ukiomba wakague wanaweza kukupandisha, na wanaweza kuwapandisha majirani pia. Fikiria umepandishia mtaa mzima kodi halafu ni wewe mtaa mzima wanakusalimia asubuhi.

Walishushwa C. C ni sehemu nane kwa tisa za D, kwa hivyo sehemu moja kwa tisa ya kila walicholipa tangu wahamie ilirudi, na ilirudi benki, si salio. Na ni bure, ingawa kuna kampuni zinapigia watu simu ziwafanyie kwa komisheni. Dada aliwakatia.

Mkazi_Donholm

Shemeji hapo kwa madaraja ya majirani kuwa wazi ndipo tunaumia. Sisi kujua jirani anathaminiwa ngapi mpaka mpendane.

Mjomba_SouthB

Roli ya rasimu huwa wazi kuangaliwa ikitangazwa. Shida ni notisi hutoka kwa gazeti na Gazeti la Serikali, na nani anasoma hizo. Kwa sheria ya zamani ulikuwa na siku 28 za kuweka pingamizi kutoka ilipotangazwa. Hizo sheria mbili za zamani, sura ya 266 na 267, zimeondolewa na sheria mpya ya reti ya kitaifa iliyotiwa sahihi Desemba 2024, na hiyo imeleta tribunali ya kusikiza mizozo. Kwa hivyo mkienda msibebe fomu mliyopewa na mtu aliyepinga miaka ya nyuma.

Njiru_Sheya

Yetu haina hata nukta ya kurekebisha. Tulinunua kwa kampuni ya ardhi, tuko na cheti cha hisa na namba ya baloti (ile kura ya kugawana ploti), lakini taito ni moja tu, ile inaitwa ya mama, ya shamba lote kabla ligawanywe. Bili inakuja moja kwa shamba lote. Kamati inakusanya kwa kila mtu, wengine wanalipa, wengine wamejenga ghorofa na hawalipi, wengine wako nje ya nchi hawashiki simu. Deni likikua linakua kwa wote, hata wewe ambaye umelipa kila Januari na una risiti ya kamati. Na hiyo risiti ya kamati kwa sistimu haipo, haina jina lako. Tulipouliza kuhusu kupinga thamani tukaambiwa mwenye haki ya kupinga ni aliye kwa taito, na aliye kwa taito ni kampuni ambayo wakurugenzi wake wanashtakiana. Dawa ni ugawaji usajiliwe kila mtu apate taito yake na akaunti yake, na ugawaji unataka cheti cha reti za shamba lote kwanza. Mnaona huo mduara? Sasa tumekubaliana angalau malipo yaende moja kwa moja kwa namba ya ploti ya mama, skrinshoti kwa grupu, hakuna pesa kupitia mkono wa mtu.

Binti_BuruBuru

Mkono wa mtu ndio ulituumiza. Mamangu alikuwa anampa ajenti fulani keshi kila mwaka, risiti zinakuja nzuri zimepigwa chapa. Kuangalia statimenti, miaka mingine haikuwa imelipwa kabisa na mwaka mmoja ililipwa kwa ploti ya mtu mwingine, namba zimepishana tarakimu mbili za mwisho. Ile ya ploti nyingine tuliihamisha, ilihitaji nambari ya malipo ya M-Pesa, risiti, na barua. Ile ambayo haikulipwa ni kesi ya polisi sasa.

Halafu weiva ikatangazwa, penalti zote zimefutwa ukilipa deni la asili, baada ya sisi kumaliza kulipa na penalti zake. Nikauliza kama tutarudishiwa. Nilijibiwa weiva ni ya mwenye deni, sisi hatuna deni.

Mama_Kahawa_West

Uuui pole mwanangu.

Mkazi_Donholm

Wacha sasa niulize yangu. Ploti ni ya mzee, alifariki, taito bado ina jina lake. Matumizi yameandikwa biashara kwa sababu zamani mpangaji alikuwa na nasari hapo, ilifungwa kitambo. Nani anasaini barua, mama ama mimi kifungua mimba?

Mjomba_SouthB

Pole kwa mzee. Anayesaini ni aliye kwa granti ya mirathi (hati ya korti ya kusimamia mali ya marehemu), hata kama ni kitinda mimba. Kama hamjaenda mirathi anzeni huko, bila granti watawapokea vizuri na barua itakaa tu. Na hiyo ya nasari ulizeni kwanza kama mzee aliomba rasmi kubadilisha matumizi ya ploti. Kama aliomba na akapewa, basi kwa karatasi ni biashara kweli, mtahitaji kuirudisha kuwa ya makazi kupitia idara ya mipango kabla ya kugusa thamani. Kama hakuomba, hilo ni kosa la kuandika, ni kama ya Mama na nukta yake.

Mkazi_Donholm

Asante mjomba. Granti iko, jina ni la mama. Barua ya kubadilisha matumizi sijawahi kuiona kwa zile karatasi zake lakini kuna sanduku moja hatujafungua, nitaangalia wikendi.