Msaada: rivebu (mwangwi wa kuongezwa) gani inafaa vokali (sauti ya mwimbaji), pleti au holi?

MtuWaFeda: Wakuu, ninamiksi wimbo wa polepole, sauti ya dada mmoja na gitaa tu. Plagini yangu (programu ya rivebu kwenye kompyuta) ina springi, chemba, pleti na holi (mwangwi wa ukumbi mkubwa). Nikiweka holi, maneno yanazama. Nikiipunguza, anasikika kama anaimba ndani ya kabati. Haya majina yana maana yoyote au ni mapambo? Nianze na ipi?

Mzee_wa_Springi: Yana maana, mdogo wangu. Chemba kilikuwa chumba kitupu chenye kuta ngumu, spika huku, maiki kule. Bill Putnam kule Chicago alitumia bafu la studio mwaka 1947. Springi, yaani koili za waya zinazotikiswa na sauti, zilitangulia kwenye vinanda vya Hammond, baadaye Fender, mtengenezaji wa magitaa na ampu, akazipeleka kwa wapiga gitaa. Pleti ni bati la chuma lililoning'inizwa kwenye fremu na kutikiswa kwa umeme. EMT 140 ya Wajerumani, ya 1957, ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na bado studio ziliigombania, maana kujenga chemba ni balaa zaidi.

Kwako anza na pleti. Mwangwi wake unajaa papo hapo, husikii ukuta wa mbali ukirudisha sauti. Inainenepesha sauti bila kumsogeza mwimbaji nyuma.

KikiNaSnea: Historia tamu mzee, lakini tatizo lake si jina la rivebu. Ni pri-dilei, yaani muda wa kusubiri kabla mwangwi haujaanza. Wimbo una tempo gani?

MtuWaFeda: 80.

KikiNaSnea: Biti 80 kwa dakika, basi biti moja ni milisekunde 750. Gawa kwa 16, unapata kama 47. Weka hiyo: neno linatoka kwanza, mwangwi unafuata. Halafu usiweke rivebu juu ya chaneli ya vokali. Tengeneza sendi (njia ya pembeni inayopokea nakala ya sauti), rivebu humo iwe asilimia 100, yaani mwangwi mtupu, na kabla yake weka ikwaliza (kichujio cha sauti nzito na nyembamba) ikate chini ya 600 Hz na juu ya 10 kHz. Studio ya Abbey Road, London, walifanya hivyo na chemba zao. Ukishafanya hayo hata holi itakaa.

Mzee_wa_Springi: Itakaa, ila kwa sauti moja na gitaa moja mimi holi siitaki. Inaomba ala nyingi.

Sikio_la_Tatu: Mbona hamtaji konvolusheni, rivebu inayotumia mwangwi uliorekodiwa mahali halisi? Unapata mwangwi wa kanisa halisi.

Mzee_wa_Springi: Ndiyo, tangu mashine ya Sony DRE-S777 ya 1999. Lakini uhalisia si lazima uwe uzuri. Rivebu za kidijitali EMT 250 ya 1976 na Lexicon 224 ya 1978 zilikuwa hesabu tupu, hakuna ukumbi wowote ndani yake, na watu bado wanaziiga. Mkia wa mwangwi wake, pale unapofifia, unatembeatembea, haukai kama picha. Konvolusheni ningeiachia sauti za filamu.

MtuWaFeda: Nimeweka pleti, sekunde 1.6, pri-dilei 47, na ikwaliza kama ulivyosema. Maneno yanasikika! Ila kila penye "s" mwangwi unachoma masikio.

KikiNaSnea: Pleti ina tabia hiyo. Weka di-esa (kifaa cha kupunguza ukali wa "s") kwenye sendi, kabla ya rivebu, uibane kuliko ya vokali yenyewe. Ikibaki, shusha ile 10 kHz hadi 6. Gitaa nalo lipelekee kidogo humohumo, la sivyo wataonekana wako vyumba viwili.