Naomba ushauri: ruzuku za viwanda vya meli, nibaki na Korea Kusini au niingie China?

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu ya shahada ya pili ya sheria za biashara, kuhusu shauri la Umoja wa Ulaya dhidi ya Korea Kusini kule WTO (Shirika la Biashara Duniani), lililoamuliwa 2005. Ulaya ilidai serikali ya Korea iliviokoa viwanda kama Daewoo baada ya msukosuko wa fedha wa 1997, bei za meli zikashuka. Jopo la WTO lililosikiliza shauri lilikataa hoja kwamba kupanga upya madeni yale kulikuwa ruzuku, ila likakuta baadhi ya mikopo na dhamana za benki ya serikali, KEXIM, ni ruzuku zilizopigwa marufuku.

Kinachonisumbua ni dawa yenyewe. Mgiriki anaagiza meli Korea, anaisajili Panama, na haipiti forodha ya Ulaya hata siku moja. Sasa ushuru wa kufidia ruzuku, ambao hutozwa bidhaa inapoingizwa nchini, utatozwa wapi? Mkataba wa 1994 wa OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, ulilenga kuziba pengo hilo, lakini Marekani haikuuridhia, na haukuanza kutumika. Kwangu hapo ndipo penye uzito wote.

Msimamizi wangu anataka niongeze China, ambayo sasa inajenga zaidi ya nusu ya meli za dunia. Naogopa kazi itatawanyika, maana ruzuku zake hazijapimwa na jopo kama za Korea.

Waliosoma sheria au uchumi wa bahari, mngeniongoza vipi? Na ninapoeleza kushuka kwa bei, nitatenganishaje ruzuku na wingi wa viwanda tu?