PLB au kifaa cha ujumbe wa setilaiti kwa safari za Ssese?

boti_entebbe: Wakuu, tunabeba watafiti wa samaki kwa boti ya mbao kutoka Entebbe hadi visiwa vya mbali vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda. Kuna sehemu simu haishiki kabisa. Pesa inatosha kifaa kimoja. PLB (kifaa kidogo cha mtu binafsi cha kurusha ishara ya dharura kwa setilaiti) au inReach (kifaa cha ujumbe wa setilaiti)? Na kikae wapi?

fundi_redio: Anza na inReach. Tatizo la kila siku ziwani ni injini kuzima, na hapo unataka boti ya kukuvuta. PLB haiwezi kueleza hayo. Inajua kupiga yowe tu. inReach inatuma na kupokea ujumbe kupitia setilaiti za Iridium, kwa hiyo unamwambia mtu wa nchi kavu shida ni nini hasa. Ila ada ya huduma ikikatika, hata SOS haiendi.

PLB haina ada. Inarusha ishara ya 406 MHz kwa wati 5, kila baada ya sekunde 50 hivi, kwa saa 24 au zaidi. Isajili katika nchi iliyomo kwenye msimbo wake, maana huko ndiko waokoaji wanakouliza boti ni ya nani. Cha mtumba chenye 121.5 MHz peke yake achana nacho: setilaiti ziliacha kuisikiliza tangu 1 Februari 2009.

nahodha_K: Kisikae kwenye sanduku la vifaa! Boti ikipinduka, sanduku linakwenda na kifaa. Kifunge kwa kamba begani, kwenye jaketi la kuokolea la nahodha. Si kila PLB inaelea. Ukiwa majini, shika antena wima juu ya maji. Maji yanakata mawimbi.

ramani_ug: Watu husahau kwamba njia hiyo inavuka ikweta. Mji wa Kalangala, huko Ssese, uko karibu 0°19′ kusini. Ukimsomea mtu namba hizo kwa simu ukasema "kaskazini", au ukaacha alama ya kutoa, umekosea dakika 38, yaani kilomita 70 hivi, na waokoaji wataenda nchi kavu magharibi ya Kampala. Tuma kiungo cha ramani, usiandike namba kwa mkono.

boti_entebbe: Asanteni. Ufuatiliaji, yaani inReach kutuma yenyewe alama ya mahali tulipo, niuweke kila dakika ngapi?

fundi_redio: Kumi. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, alama ya mwisho itakuwa nyuma yako kilomita 3 na kidogo. Mawimbi yakichafuka weka mbili, chaji itakwenda haraka. Na aliye nchi kavu mwachie namba za polisi wa majini na za boti mbili za jirani, kwenye karatasi.