Msaada: piano ya zamani vibonyezo vinanata, fundi anakuja Jumamosi

Mkwe wa Raskazone (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina piano ile ya kusimama, ya mbao, tumeikuta kwenye nyumba aliyoacha baba mkwe hapa Tanga, jirani na bahari. Vibonyezo vya katikati ukivigusa vinazama, havirudi mpaka uvinyanyue kwa ukucha. Nyuzi za besi zimeota kutu. Binti yangu ameanza kujifunza muziki, nataka ipone. Fundi nimeshapata, bei yake nzuri mno. Naomba kujua kitu kimoja tu: nyuzi zipuliziwe mafuta gani? Matusi hapana.

Sauti ya Nne
Mnunulie mtoto kinanda cha umeme, mkuu. Kwaya yetu tuliletewa piano na wafadhili, mwenyekiti akaifungia stoo eti isichakae. Pasaka tunafunua mfuniko, panya kazalia mle ndani, sufu yote ya nyundo zinazogonga nyuzi kafanya godoro. Tuliimba bila ala.

Bibi Chumbageni
Mzee alipokuwa hai nani alikaa naye akamuuliza inatunzwaje? Leo mnakimbizana na mafuta.

Mtyunishaji
Mafuta usithubutu. Yakishuka hadi kwenye pini zinazokaza nyuzi, ubao unaozishika unalainika, piano haishiki sauti tena. Kunata huko ni unyevu: vitambaa vidogo vilivyo kwenye matundu ya vibonyezo vimevimba. Piano inapenda unyevu wa asilimia 40 hadi 50, na Tanga wakati wa masika hilo sahau. Iondoe ukutani upande wa bahari, isikae chini ya AC wala dirishani. Wazee walikuwa wanafunga balbu ya wati 40 chini kabisa ndani ya kasha, mbali na vitambaa, inakausha taratibu. Iwe ile ya zamani yenye waya unaowaka ndani, ya LED haitoi joto la maana. Nondo na mende waangalie kwenye sufu. Halafu, hiyo bei nzuri ni shilingi ngapi?

Mkwe wa Raskazone
Asante. Bei haihusiani na swali.

Mtyunishaji
Inahusiana sana. Nyuzi ziko kama 230, kila moja na pini yake. Iliyolala miaka huwezi kuivuta kwa siku moja, nyuzi zitakatika. Kazi hiyo hakuna anayeifanya kwa bei ya soda.

Mkwe wa Raskazone
Haya. Hachukui hela. Anabandua vile vigae vyeupe vya juu ya vibonyezo, anabandika plastiki mpya, vya zamani anaondoka navyo. Vimekuwa vya njano kama meno ya mvuta sigara, mke wangu hata kuviona hataki. Sijaona ubaya. Na tumeshapeana mkono.

Mtyunishaji
Weka kimoja kwenye mwanga. Kina mistari membamba inayokwenda urefu? Na pale vibonyezo vyeusi vinapoanzia, kigae kimeungwa vipande viwili?

Mkwe wa Raskazone
Viwili, ndiyo. Kwa nini?

Mtyunishaji
Pembe za ndovu hizo, kaka.

Kijana wa Forodhani
Hapa ndipo patamu. Karne ya 19 pembe zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, akina Tippu Tip ndio wenye misafara, zikapakiwa Zanzibar hadi Connecticut, Marekani. Kule kuna mji mpaka leo unaitwa Ivoryton, walikuwa wanachonga vibonyezo vya piano. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchukuzi bandarini, ana visa…

Leta Ushahidi
CHAI. ID ina wiki moja, mara nyumba ya urithi, mara fundi wa bure, mara pembe za ndovu. Kesho atakuja "nimepata mnunuzi, njoo PM". Leta picha.

Sauti ya Nne
Nami nilishangaa. Raskazone nimekaa, piano sijawahi kuisikia.

Mkwe wa Raskazone
Ungeisikiaje na vibonyezo vimenata? Nimepandisha picha. Ndani kuna namba kwenye chuma na neno Berlin.

Mtyunishaji
Picha nimeiona, ni yenyewe. Kwa namba hiyo mwaka wa kutengenezwa unapatikana.

Wakili wa Kijiweni
Acheni mwaka. Pembe bila kibali ni nyara za serikali, Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Watu wanakula miaka 20. Akivibandua akakamatwa navyo, atasema katoa kwa nani? Usimpe. Nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize kabla hujagusa chochote.

Mkwe wa Raskazone
Lakini ni mali ya mzee, sikuua tembo mimi. Na nikimrudisha fundi mtoto atapigia nini?

Wakili wa Kijiweni
Mpigie simu sasa hivi.

Mkwe wa Raskazone
Hapatikani. Vya mwisho upande wa kulia alishabandua Jumapili, alisema ni vya sampuli.

Bibi Chumbageni
Yarabi.

Sauti ya Nne
Akipatikana nirushie namba yake, kinanda chetu kipo bado stoo.