Re: Ukaazi wa kudumu wa Ujerumani, kazi Uholanzi

> Salaam ndugu zangu. Nina ukaazi wa kudumu Ujerumani, nimepata kazi Uholanzi. Mwajiri anasema kadi yangu haitoshi. Si Umoja wa Ulaya ni mmoja?

Salaam dada, na hongera kwa kazi. Kwanza soma kadi yako. Ikiwa imeandikwa Niederlassungserlaubnis, ni ya Ujerumani peke yake. Ikiwa ni Daueraufenthalt-EU, ni ya Umoja, na mlango upo: unaomba kibali Uholanzi ndani ya miezi 3 tangu uingie, ingawa wanaruhusiwa kuangalia soko lao la ajira kwanza.

Tofauti hiyo imetokana na jinsi mikataba ilivyokua. Mkataba wa Roma wa 1957, uliokuwa chanzo cha Umoja huu, ulikuwa wa nchi 6, na waliopewa uhuru wa kwenda kufanya kazi nchi nyingine ni raia wa nchi hizo. Sisi wageni kutoka nje ya Umoja hatukuwemo. Makubaliano ya Schengen, 1985, yalianzia nje kabisa ya mikataba hiyo, nayo yanahusu kuvuka mpaka bila ukaguzi, si kuajiriwa. Hapo wengi wetu ndipo tunapochanganya. Mkataba wa Maastricht ukaleta uraia wa Umoja, tena kwa raia wa nchi wanachama tu.

Uliotufungulia mlango sisi ni Mkataba wa Amsterdam, ulioanza kutumika 1999: uliupa Umoja mamlaka juu ya viza, hifadhi na uhamiaji. Kwa mamlaka hayo ikatungwa sheria ya 2003: ukikaa kihalali miaka 5 mfululizo, una kipato cha uhakika na bima ya afya, unastahili ukaazi wa Umoja. Ayalandi na Denmark hazimo, maana Amsterdam huohuo uliziruhusu kubaki nje.

Ila si kila badiliko husubiri marais watie saini. Maastricht haukutaja popote wazazi wageni wa watoto raia. Mwaka 2011, katika kesi ya Ruiz Zambrano, baba kutoka Kolombia mwenye watoto raia wa Ubelgiji, Mahakama ya Umoja kule Luxembourg iliamua kwamba kumnyima ukaazi na kibali cha kazi ni kuwalazimisha wanawe kuuhama Umoja ambao ni raia wake. Wazazi wenzangu ambao watoto wenu wana pasipoti za huku, ijueni kesi hii kabla hamjakubali barua yoyote ya kuwataka muondoke. Mtafuteni wakili mapema.

> Asante sana kaka. Ni ya Umoja! Na nikirudi nyumbani kumuuguza mama kwa muda mrefu?

Mungu amjalie afya. Kwa sheria ya 2003, miezi 12 mfululizo nje ya Umoja inakupotezea hadhi hiyo. Lakini Januari 2022 mahakama ileile ilisema kuwepo ndani ya Umoja hata siku chache katika kipindi hicho kunatosha kuikata hesabu. Kwa hiyo panga safari ya kuja katikati, na utunze tiketi pamoja na mihuri ya pasipoti, kwa sababu ushahidi utadaiwa wewe.