Mrejesho: Gramafoni ya marehemu babu imepona

Wakuu, nimerudi. Nililalamika hapa kwamba gramafoni ya babu inaimba kivivu na kuvuma. Mota haijafa, ni mkanda wa mpira tu, umelegea kwa uzee. Nimefunga mpya na kutia tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli ya sahani. Nikabandika kikaratasi ukingoni, nikahesabu: mizunguko 100 kwa dakika tatu, yaani 33 na theluthi kwa dakika, kasi ya santuri kubwa (LP), kamili!

Mvumo ulikata nilipounga waya wa ethi kwenye amplifaya. Sindano ndiyo iliyonila hela: Audio-Technica AT-VM95E, uzito wake wa kukandamiza santuri nimeupima kwa mizani ndogo, gramu 2. (Zamani babu alilaza sarafu juu ya mkono wa gramafoni unaoshika sindano; masikini santuri zake.) Mama kasikia rumba, katoka jikoni na mwiko mkononi.