Mtoto miaka 5 anasema "tutu" badala ya "kuku": tiba ya usemi ya bei nafuu Dar nitaipata wapi?

Mama Tabata:
Habarini wakuu. Kijana wangu ametimiza miaka 5 mwezi wa pili. Anaelewa kila kitu, anaongea sana, ila K kwake ni T na G ni D. Kaka ni "tata", gari ni "dali". Nyumbani tumeshamzoea, sisi ndio wakalimani wake.

Wiki iliyopita nilimtuma kiberiti dukani. Nilikuwa nachungulia dirishani. "Naomba tibeliti." Muuzaji akamwambia rudia. Akarudia. Vijana waliokaa kwenye benchi wakaanza kumwigiza. Alirudi na mia mbili yangu ameikunja kiganjani, hajasema neno. Tangu siku hiyo dukani haendi.

Nimeulizia kliniki moja binafsi, kila kikao 50,000, na wanataka vikao viwili kwa wiki. Mimi nauza vitafunwa. Naombeni njia nyingine. Mama mkwe anasema akatwe kimeo.

Msukuma wa Ilala:
Mbona mimi hadi leo R na L zinanichanganya na nina mke na watoto wanne. Ataacha tu.

Nesi Mstaafu:
Mama Tabata, kimeo usikate, tafadhali sana. Nimepokea watoto waliokatwa kimeo mtaani wamefika damu haikatiki, wengine na maambukizi ya koo. Kimeo hakihusiani kabisa na K.

Kuna watakaokwambia ana udata, akatwe chini ya ulimi. Udata upo kweli, lakini unabana ncha ya ulimi. Mwenye udata mkali atasumbuka na L, R, pengine T. K inatengenezwa nyuma, mgongo wa ulimi unapogusa kaakaa laini. Wako T anaipata vizuri tu, kwa hiyo ncha yake ni nzima. Anachofanya ni kuleta mbele sauti ya nyuma. Watoto wengi hupitia hapo wakaacha wakikaribia miaka 4. Akishafika 5 bado, ndiyo aonwe. Hiyo "dali" ya L badala ya R isikuumize kichwa kwa sasa, R huwa inachelewa.

Cha kwanza ni masikio. Aliwahi kutoka usaha? Mtoto anayesikia nusu hutamka nusu.

Mama Tabata:
Alitoka usaha sikio la kushoto akiwa na miaka 2, mara mbili. Hakupimwa.

Baba Pacha:
Dada, mimi nilipita njia hii na binti yangu. Anzia hospitali ya serikali ya karibu, kwako naona ni Amana, uombe kuonwa masikio na upewe rufaa ya Muhimbili. Muhimbili tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya kusaidia watoto viziwi kusikia, na mtoto akishapandikizwa lazima afundishwe kusema, ndiyo maana wataalamu wa usemi utawakuta huko. Ni wachache na foleni ni ndefu, usiende ukidhani utamaliza siku hiyo.

Pesa ikigoma, usirudi nyumbani kimya. Ulizia afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ndiye anayeshughulikia misamaha. Inauma kwamba msamaha wa watoto ni wa walio chini ya miaka 5 na wako kaupita juzi tu.

Na siri niliyojifunza: mwambie mtaalamu mapema kwamba huwezi kuja kila wiki. Wetu alikubali mara moja kwa mwezi, akatupa kazi ya nyumbani, dakika 10 kila jioni. Mimi nilikaa ndani ya chumba nikiangalia anavyofanya, sikukaa kwenye benchi nje.

Nesi Mstaafu:
Wakati unasubiri rufaa, mlaze chali, mdomo wazi, ulimi wenyewe utarudi nyuma. Mwambie akohoe kidogo, "kh, kh". Au asukutue koo kwa maji kidogo, akiwa amekaa. Sauti ikitoka, "kaa, kii, kuu" mbele ya kioo. Usianze na kuku, ina K mbili, utamchosha. Na akisema "tutu" usimwambie "sema vizuri". Wewe jibu tu, "Ee, kuku yule!" Asikie, basi.

Mama Tabata:
Jana usiku tumejaribu ya maji. Shati limelowa, tumecheka wote, na "kh" moja ikatoka. Aliishangaa mwenyewe. Amana Jumatatu nifike saa ngapi?

Baba Pacha:
Saa kumi na mbili uwe kwenye foleni. Beba kadi yake ya kliniki, na chai.